Kiwanda kimehamia nje, wewe umerudi Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki na misaada

Majibu haya ni ya watu wa Tabora waliokuwa wakifanya kazi viwandani, iwe hapa mkoani, Morogoro, Mwanza au Dar es Salaam, wakaambiwa kuwa uzalishaji umehamishiwa nchi nyingine au kwamba bidhaa sasa itaagizwa ikiwa tayari. Wengi huja kuuliza wakiwa wameshasaini karatasi, wameshapanda treni na siku za kudai zimeshapita. Inauma kumwambia mtu aliyetumikia mashine miaka kumi kwamba kachelewa kwa wiki mbili. Kwa hiyo usisome ukurasa huu kwa kuuweka akiba. Karibu kila haki iliyotajwa hapa ina tarehe yake ya mwisho. Sheria zinazozungumzwa ni za Tanzania Bara.

Serikali ina mfuko maalumu kwa watu ambao kazi zao zimepelekwa nje ya nchi?

Hapana. Tanzania haina mfuko unaoangalia kwamba kazi yako imekwenda China, India au Misri, kisha ukakulipa kwa sababu hiyo. Kwa sheria zetu wewe ni mfanyakazi aliyepunguzwa, sawa na yule ambaye kiwanda chake kimenunua mashine inayofanya kazi ya watu ishirini.

Hilo halina maana kwamba huna chochote. Una malipo ya kuachishwa kazi kutoka kwa mwajiri, una fao la kukosa ajira kutoka NSSF, una Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya kukusikiliza bila ada, na kuna njia za kupata cheti cha ufundi na mtaji mdogo. Shida ni kwamba vitu hivi viko katika ofisi tofauti, na hakuna ofisa hata mmoja mwenye wajibu wa kukushika mkono akupitishe kote. Kazi hiyo unabaki nayo wewe mwenyewe, katika wiki ambazo akili yako ina mambo mengi kuliko wakati mwingine wowote.

Nimesikia Marekani kuna mpango wa aina hiyo. Ukoje?

Ulikuwepo, na ni vizuri kuufahamu ili tujue tunaweza kuiomba Serikali yetu nini. Unaitwa Trade Adjustment Assistance. Ulianza na sheria ya biashara ya mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy, ukapanuliwa na sheria ya mwaka 1974. Hoja yake ilikuwa ya haki tupu: taifa zima linanufaika na bidhaa rahisi kutoka nje, basi lisimwachie mzigo wote yule mmoja aliyepoteza kazi.

Wafanyakazi watatu tu wa kiwanda kimoja, au chama chao, waliweza kuwasilisha ombi kwa Wizara ya Kazi. Wizara ilichunguza kama kweli kazi zimepotea kwa sababu ya bidhaa za kigeni au kuhamishwa kwa uzalishaji. Ikithibitika, wote walioguswa katika kundi hilo waliingia: mafunzo ya kazi mpya yaliyolipiwa, posho wakati wa masomo, msaada wa gharama za kutafuta kazi na za kuhamia mji mwingine. Posho hiyo, ikijumlishwa na mafao ya kawaida ya kukosa ajira, iliweza kufika wiki 130. Wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokubali kazi yenye mshahara mdogo walifidiwa nusu ya tofauti ya mishahara, kwa kiwango kisichozidi dola 10,000 katika miaka miwili.

Bunge la Marekani halikuuongezea muda, na tangu Julai 1, 2022 maombi mapya hayaidhinishwi. Umoja wa Ulaya unao mfuko wake wa namna hiyo ulioanza mwaka 2007. Mtanzania aliyefanya kazi Tanzania, hata kwa kampuni ya Kimarekani, hakuwahi kuhusika na mpango ule.

Mimi naamini tunahitaji kitu cha aina hiyo, hata kiwe kidogo. Lile sharti la wafanyakazi watatu kuweza kuamsha uchunguzi wa Serikali lingefaa sana hapa kwetu, na halihitaji bajeti kubwa.

Tabora ina viwanda gani hata habari hizi zituhusu?

Zinatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mkoa huu hutoa malighafi na watu. Tumbaku inalimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, lakini viwanda vikubwa vya kuisindika viko Morogoro, na vijana wetu huifuata huko. Pamba ya Igunga na Nzega nayo husafiri. Mnunuzi wa ng'ambo akibadili mpango wake, pigo linamfikia mkulima wa Urambo na mpakiaji wa Morogoro, na mara nyingi hao wawili ni wa nyumba moja.

Pili, tumeshayaona. Kiwanda cha nyuzi cha Tabora kilibinafsishwa, kisha kikasimama. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya nguo nchini vilisimama au kudhoofika vibaya, huku nguo za nje na mitumba zikijaa masokoni. Kwa jirani zetu wa Kenya, kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na cha matairi cha Sameer jijini Nairobi mwaka 2016. Kampuni zenyewe hazikufa. Ziliendelea kuuza bidhaa zilizotengenezwa kwingine.

Mwajiri anaruhusiwa kisheria kufunga kiwanda na kuhamisha kazi?

Anaruhusiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kupunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya kiuendeshaji, yaani sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Kuhamisha uzalishaji kunaingia humo. Atakayekuahidi kwamba atamzuia mwekezaji asiondoke anakupotezea muda.

Kinachobanwa na sheria ni namna ya kuondoka. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe maelezo yote muhimu, na akae nanyi kushauriana kabla ya kuamua. Mashauriano yawe juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, wakati na malipo. Anashauriana na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali hapo, kwa viwandani mara nyingi ni TUICO, na pia na wafanyakazi wasiowakilishwa na chama chochote. Msipokubaliana, suala linakwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa siku 30 za usuluhishi huo hakuna anayepaswa kupunguzwa.

Mkutano wa dakika ishirini getini, asubuhi, ambapo meneja anasoma tangazo na magari ya kuwarudisha watu yameshawashwa, hauwi mashauriano. Hiyo ni taarifa ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Na shauri likifika mbele ya Tume, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Wewe huna mzigo wa kuthibitisha kinyume chake.

Tukiitwa kwenye mashauriano tuulize nini?

Ulizeni kama kuna kazi nyingine ndani ya kampuni, kwenye ghala, usambazaji au mauzo, maana kampuni inayoagiza bidhaa bado inahitaji watu wa kuipokea na kuiuza. Ulizeni vigezo vya nani anabaki na nani anaondoka. Ombeni malipo yawe juu ya kile kiwango cha chini cha sheria, kwa kuwa kiwango hicho ni sakafu na hakuna kinachomkataza mwajiri kulipa zaidi. Ombeni pia ahadi ya maandishi kwamba akirudi kuajiri mtaanza kuitwa ninyi. Na kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa pande zote mbili, nakala moja mbaki nayo.

Nimepewa barua ya kuacha kazi kwa hiari nisaini, na wamesema nikisaini napata pesa haraka. Nifanye nini?

Usisaini siku hiyo. Kama kuna jibu moja la kushika katika ukurasa huu wote, ni hili.

Barua inayosema umeacha kazi mwenyewe inakuondolea mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, NSSF hawalipi fao la kukosa ajira kwa mtu aliyejiuzulu. Pili, ukienda CMA kudai kuachishwa isivyo halali, mwajiri atatoa karatasi yenye saini yako na kuuliza: nilimwachisha lini, wakati ameondoka mwenyewe? Kuna maelewano mengine yanayoandikwa kwa lugha laini, kwamba pande zote zimeridhika na hakuna atakayemdai mwenzake tena. Hayo nayo yana nguvu ya kisheria. Kiasi kinachotajwa mle huonekana kikubwa kwa sababu kimejumlishwa na mshahara wa mwezi, likizo na notisi, vitu ambavyo ni vyako tayari hata usiposaini chochote.

Mwambie afisa utawala, kwa adabu, kwamba unaomba nakala ukaisome nyumbani. Akikataa kukupa, andika tarehe, saa, jina la aliyekuita na waliokuwepo. Ipeleke kwa kiongozi wa chama au kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Barua unayoitaka ni ile inayosema wazi kwamba ajira yako imesitishwa na mwajiri kwa kupunguzwa kazi, au kwa mahitaji ya kiuendeshaji, ikiwa na tarehe, saini na mhuri. Kama unaikubali pesa lakini huyakubali maelezo, andika hivyo kwa mkono wako juu ya saini: "Nimepokea, sikubaliani na sababu." Watu huogopa kuandika maneno hayo mbele ya bosi, na naielewa hofu hiyo. Lakini kazi imeshaondoka, na huyo bosi hana kingine cha kukunyima.

Napaswa kulipwa nini hasa na mwajiri?

Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Notisi: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na mwajiri asipotaka uzifanyie kazi anazilipa. Kiinua mgongo. Nauli na posho ya kurudi ulikoajiriwa, kama inakuhusu. Na cheti cha utumishi, ambacho wengi hukisahau wakati ndicho kitakachosema kwa mwajiri mwingine kwamba uliendesha mashine gani na kwa muda gani.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inaishia miaka kumi. Uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku sita, kwa hiyo siku moja inakuwa takriban shilingi 10,000. Akiwa na miaka minane kazini: 10,000 mara 7 mara 8, sawa na 560,000. Akiwa na miaka kumi na minne bado atahesabiwa kumi, yaani 700,000. Miaka minne ile imekwenda hivyo hivyo. Naona si haki kwa waliozeekea kiwandani, na ndiyo sababu nasisitiza mjadiliane kiwango cha juu zaidi wakati wa mashauriano, maana baadaye sheria haitawaongezea.

Angalizo: ukipewa kazi nyingine kwa mwajiri huyo huyo ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukosa kiinua mgongo.

Niliajiriwa Tabora nikapelekwa Morogoro. Nani ananirudisha?

Mwajiri. Sheria inamtaka akusafirishe wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo. Na kama ameisitisha ajira halafu akachelewesha nauli, anadaiwa posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri, inayohesabiwa kwa mshahara wa msingi wa siku. Wapo wanaokopa nauli, wakapanda treni ya reli ya kati usiku huo huo, na hivyo kujifungia njia ya madai ambayo yangefika mamia ya maelfu ya shilingi.

Lakini soma barua yako ya ajira. Kinachoangaliwa ni mahali ulipoajiriwa, wala si kwenu ulikozaliwa. Aliyejipeleka mwenyewe Morogoro akaajiriwa getini hana dai la nauli ya kurudi Tabora, hata kama kitambulisho chake kinasema Isevya au Ng'ambo.

Fao la kukosa ajira la NSSF likoje?

Linamhusu mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye ajira imesitishwa bila yeye kujiuzulu, hajafikia miaka 55 na hajapata kazi nyingine. Anapewa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa yule wetu wa 260,000 ni kama shilingi 86,000 kwa mwezi. Haitoshi kulea familia, ila inalipa pango la chumba na unga wakati unajipanga.

Nenda na barua ya kusitishiwa ajira, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na taarifa za akaunti ya benki. Ofisi ya NSSF ya Tabora inaweza kukuhudumia hata kama kiwanda kilikuwa Dar es Salaam. Hakikisha majina yanafanana kwenye NIDA, NSSF na benki. Herufi moja iliyokosewa miaka mingi iliyopita imewakwamisha wengi dirishani, na ni rahisi zaidi kuirekebisha wakati kiwanda bado kina mtu wa kuandika barua.

Miezi sita ikiisha, michango yako bado ipo. Pensheni ya uzee inataka angalau miezi 180 ya kuchangia, na NSSF hupokea pia waliojiajiri. Mwenye miaka kumi na miwili ya michango amebakiza kidogo. Namshauri aendelee kuchangia kwa kile anachokipata shambani au dukani.

Nimekuta mwajiri alikuwa akinikata lakini hapeleki.

Kosa ni lake, wala usikubali ligeuzwe kuwa lako. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu kati yako na mwajiri, na NSSF wana mamlaka ya kumdai na kumshitaki. Peleka slipu za mishahara zinazoonyesha makato. Fanya hivyo mapema, kabla kampuni haijafunga akaunti zake nchini. Uliye bado kazini na unasikia fununu za kufungwa, omba taarifa ya michango yako wiki hii hii.

Nikitaka kulalamika nina siku ngapi, na niende wapi?

Siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, kuanzia tarehe ya kusitishwa. Siku 60 kwa migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Huduma ni bure. Ukichelewa kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kila siku iliyopita, na kusema "sikujua sheria" hakutoshi.

Hapa ndipo waliorudi nyumbani wanapokwama. Mgogoro unasikilizwa na ofisi ya CMA ya eneo ulikotokea. Kiwanda kikiwa Morogoro, shauri ni la Morogoro, ingawa Tabora pia kuna ofisi ya Tume. Kwa hiyo jaza na uwasilishe fomu kabla ya kusafiri. Fomu inaweza pia kutumwa kwa posta ya rejista, tunza risiti. Mbele ya Tume unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili au mtu uliyemchagua mwenyewe, kwa hiyo ndugu anayeishi Morogoro mwenye kujieleza vizuri anaweza kukusaidia, ili mradi umemwandikia.

Kwanza ni usuluhishi, ambapo msuluhishi anatafuta mkubaliane. Mkishindwa, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Ukishinda dai la kuachishwa isivyo halali, anaweza kuamuru urudishwe, uajiriwe upya au ulipwe fidia. Kwa kiwanda kilichong'oa mashine, tazamia fidia.

Mimi nilikuwa kibarua, au mfanyakazi wa msimu wa tumbaku. Nina haki yoyote?

Unayo, ila pungufu. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Lakini miezi hiyo inahesabiwa hata kama ilikuwa ndani ya mikataba zaidi ya mmoja, hivyo anayesainishwa upya kila mwezi asidhani daima ana mwezi mmoja. Mshahara ulioufanyia kazi ni wako kwa vyovyote. Mkataba wa msimu ukiisha kwa tarehe yake, kwa kawaida umeisha. Ukikatwa katikati, hiyo ni habari nyingine na fomu ya CMA inakuhusu. Tunza kadi za mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, hata picha ukiwa na sare.

Kampuni mama iko nje. Nikaidai huko?

Mwajiri wako ni yule aliyeandikwa kwenye mkataba, na kwa kawaida ni kampuni iliyosajiliwa hapa. Inadaiwa hapa, kwa sheria za hapa. Hofu ya kweli ni kwamba itamaliza kuuza mashine na magari kabla uamuzi haujatoka. Ndiyo maana kuwahi Tume kuna thamani kubwa. Kampuni ikiwekwa chini ya mfilisi, mpelekee madai yako kwa maandishi mara moja. Mishahara ni miongoni mwa madeni yanayotangulizwa, lakini mfilisi hawezi kumlipa asiyemjua.

Vipi WCF au TASAF?

WCF ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Unalipa walioumia, waliougua au kufariki kutokana na kazi. Haulipi kupoteza ajira. Ila kama una kidole kilichokatwa na mashine au kifua kilichoharibiwa na vumbi na hukuwahi kudai, ulizia sasa. TASAF inaangalia umaskini wa kaya, na kupunguzwa kazi peke yake hakukuingizi.

Ujuzi nimeupata kiwandani tu, sina cheti. Nitaajiriwa na nani?

Hili ndilo eneo ambalo msaada wa Serikali upo na watu hawaufuati. Chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka 2016 na kusimamiwa na ofisi yenye dhamana ya kazi na ajira, kuna urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aliyejifunza uchomeleaji, umeme, ushonaji au ufundi mitambo kazini hupimwa kupitia VETA kile anachokiweza, huongezewa mafunzo mafupi pale palipopungua, na hupewa cheti. Hurudishwi darasani miaka miwili kusoma unachokijua. Ulizia chuo cha VETA Tabora, au kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, lini nafasi zinatangazwa.

Wala usijisikie unaomba sadaka. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kuhesabu mishahara ya watu kama wewe, na sehemu ya fedha hizo inaendesha mafunzo ya ufundi.

Fundi aliyezoea mashine kubwa ana nafasi kwenye mashine za kukoboa mpunga Igunga na Nzega na za kukamua alizeti, ambazo zikiharibika msimu wa mavuno wenyewe huhangaika kumpata mtu. Aliyekuwa kwenye ubora na upakiaji aangalie asali. Mkoa wetu unajulikana nayo, ila nyingi bado inauzwa kwenye madumu bila lebo.

Mtaji je?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kurekebisha utaratibu, ikarejea mwaka 2024. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo anzeni na ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwanaume asiye na ulemavu aliyevuka umri wa ujana uliowekwa na kanuni hana fungu hapo, na hilo linawaacha nje wengi wa waliopunguzwa viwandani. Kwao njia iliyopo ni SACCOS na vicoba.

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tabora. Hutoa mafunzo ya usindikaji na biashara, ushauri wa mashine, mikopo midogo, na humsaidia mzalishaji kufikia alama ya TBS. Kiinua mgongo chako kisiishie kwenye bodaboda kabla hujazungumza nao.

Nimepigiwa simu kuna kazi Dar, natakiwa kutuma pesa ya fomu.

Usitume. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ni wa Serikali na humwandikisha mtafuta kazi bure. Anayedai pesa ili akuajiri anajua umetoka kulipwa.

Tuko wengi tuliopunguzwa. Kila mmoja aende kivyake?

Hapana, jazeni fomu moja ya CMA. Ambatanisheni orodha ya majina yenu yote, kila jina na saini yake, pamoja na karatasi ya kuwateua watakaosaini na kuzungumza kwa niaba yenu. Mimi huwashauri watu wateue wawili, mmoja awe anaishi karibu na ofisi ya Tume na mwingine awe na simu inayopatikana muda wote, kwa sababu shauri huchukua miezi na mmoja anaweza kupata kazi mbali. Wanaorudi Tabora waache saini kwenye orodha kabla ya kuondoka. Ambaye jina lake halimo hatakuwemo kwenye tuzo, yaani uamuzi wa Tume, hata kama alikuwa jirani yako kwenye mashine.